Mama anataka kuiona mikoko ya Pete, tuende siku gani na saa ngapi?

bint_fuoni aliandika:

Assalam alaykum wana jamvi. Nnaomba msaada wenu. Mamaangu kaja kutoka Pemba, wiki ya tatu hii, alikuja kwa matibabu ya macho na alhamdulillah ameshamaliza, sasa kabla hajarudi nnataka nimtembeze pahala kidogo mana tokea aje ni hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali. Forodhani nshampeleka, kasema moshi mwingi na watu wanasukumana na mhogo bei ya samaki.

Juzi watoto walikua wanatazama video za kima wa msitu wa Jozani kwenye simu, baadae ikaja ile njia ya mbao ya kijiji cha Pete inayopita katikati ya mikoko. Mama akainyakua simu akaiweka mbali na uso vile wanavyofanya watu wazima, akasema "ala! kumbe kuna watu wanatembea mkokoni na viatu?" Akacheka peke yake mpaka machozi. Yeye kakulia Micheweni, kuni za mkoko, tondo (wale konokono wa mkokoni), kaa, yote hayo kayafanya miguu chini na tope mpaka mapajani. Tokea siku hiyo kila asubuhi ananiuliza ile mikoko ya mbao tunaenda lini.

Sasa masuali yangu. Kwanza ana magoti, anatembea lakini taratibu, ataweza? Pili nna watoto wawili, miaka 6 na 9, yule mdogo hatulii. Tatu na hili ndo linalonisumbua zaidi, mimi nilienda mara moja nikakuta tope tupu na harufu, nikapiga picha mbili nikarudi nimenuna. Shemeji yangu akaenda wiki ya pili yake karudi na picha maji yamejaa mpaka chini ya ubao, yametulia kama kioo, miti inajiona ndani. Nikajiuliza ina maana hatukwenda pahala pamoja? Au aliwalipa wamfungulie maji 😂

Gari hatuna, tunategemea daladala au nikodi teksi kama hapana budi.


konda mstaafu aliandika:

Waalaykum salam. Usafiri hapo hauna shida kabisa, gari 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi na 324 ya Bwejuu zote zinapita mlangoni pa Jozani. Kutoka mjini ni kama kilomita 35 hivi lakini kwa daladala usihesabu kilomita, hesabu vituo, Tunguu pale mnaweza kukaa mpaka konda amalize stori zake zote. Mwambie konda mapema unashuka Jozani getini, na mama akae mbele na dereva, mtu mwenye magoti usimpandishe nyuma kwenye mabenchi akabanwa na madumu na magunia.

Kwenda ni rahisi, kazi ni kurudi. Gari zinatoka Makunduchi na Jambiani zishajaa, ukisimama pale saa 11 jioni utazipungia mkono tu. Kwa mtu mzima na watoto mimi ningesema nenda na daladala asubuhi, kurudi panga na mtu wa teksi kabisa, au mkodi kigari mchangie na majirani.

Mukishaanza kuona matuta mfululizo jua mumefika. Yale matuta yamewekwa kwa ajili ya kima mana walikua wanagongwa sana pale barabarani. Madereva wenzangu walilalamika, mimi pia nililalamika sikatai, lakini baada ya kuwekwa kima wanaokufa walipungua na jicho langu liliona.


Mtoto wa Pete aliandika:

Dada wala shemeji yako hakumlipa mtu, mlienda pahala pamoja ila yeye alienda na maji na weye ulienda bila ya maji. Watu wengi wanaotoka mjini wanatazama saa ya mkononi, kumbe pale kwetu mkokoni kinachotazamwa ni mwezi.

Nikueleze vizuri. Ile njia ya mbao iko Pete, ng'ambo ya barabara, na maji yake hayatoki Chwaka kama wengi wanavyodhani kwa sababu ya jina la hifadhi, Jozani na Ghuba ya Chwaka, yanaingia kutoka upande wa kusini, ule wa Uzi. Kisiwa chetu hapo kiuno chembamba, kaskazini ghuba ya Chwaka na kusini mkono wa bahari unaingia mpaka Pete, msitu umekaa katikati. Maji yakitoka yanatoka kweli kweli, yakija yanakuja yote.

Siku za bamvua, yani mwezi mwandamo na mwezi mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, bahari inakupwa saa 4 saa 5 asubuhi na inajaa saa 10 saa 11 jioni. Siku za maji mafu, mwezi 7, 8 na mwezi 22, 23 kwa hesabu ya mwandamo, inageuka, asubuhi ndo maji yamepanda na alasiri yametoka, lakini maji mafu hayana nguvu, hayafiki mbali mkokoni. Na kila siku yanachelewa kidogo, karibu dakika 50 hivi. Mama wa Micheweni hana haja ya kuelezwa haya, muulize yeye utaona, atakwambia hata bila ya kutazama kalenda.

Leo Jumaatatu mwezi 11. Mkienda Jumaamosi itakua mwezi 16, bamvua lenyewe. Bas msifanye kama wageni wanaofika saa 4 wanapelekwa moja kwa moja kwenye mikoko wanakuta tope wananuna (samahani dada 😄). Fikeni asubuhi mapema muingie msituni kwanza, kima asubuhi ndo wanakula wanaruka ruka, mchana wanalala kwenye matawi miguu inaning'inia. Mukitoka huko kaeni chini ya mti mule, mama apumzike, saleni adhuhuri yenu, halafu mikokoni muende saa 8 kuelekea saa 9. Hapo mtayaona maji yanaingia. Mimi kwangu hiyo ni bora kuliko kuyakuta yamejaa. Unaona kwanza kijito kinanyanyuka, halafu yanapenya baina ya mizizi kimya kimya, kaa waliokua chini wanaanza kupanda miti, wale wenye gando moja kubwa moja dogo wanaingia mashimoni wanajifunika. Ukikaa kimya unasikia tope linapumua, tip tip tip, vipovu.

Harufu ile uliyoisikia ni majani yanaoza kwenye tope lisilo na hewa. Ndo chakula cha kaa na kamba wachanga hicho, samaki wengi tunaokula wamelelewa humo.

Magoti: njia ni ya mbao na haina milima, taratibu atamaliza. Tahadhari moja tu, mbao zikiroa zinateleza, avae viatu vya raba sio kandambili. Na kutoka getini mpaka hapo kuna kipande cha kutembea, kwa yeye gari imshushe karibu.


mkulima hoi aliandika:

Mimi nashangaa watu wanalipa hela kuwatazama kima. Njooni kwangu Muyuni nawaonyesha bure, na nyinyi mkija na fimbo nawalipa mimi. Mhogo wamemaliza, viazi wamemaliza, juzi nimempata mmoja yumo jikoni kashika mfuniko wa sufuria ananitazama kama mimi ndo mwizi.


Maalim Darasa la Tano aliandika:

Mkulima pole, lakini huyo wa jikoni si kima punju, yule mwekundu wa Jozani, huyo ni kima mweusi yule wa kawaida, mwizi anajulikana. Kima punju tumbo lake halipokei matunda matamu yaliyoiva, anakula majani machanga na matunda mabichi, na mhogo wa kuchimba hana habari nao. Hata kwenye nazi anasingiziwa, watafiti waliwahi kuipima minazi ya mashamba yaliyo karibu na Jozani wakakuta pale wanapokula vidaka sana ndo mavuno hayakupungua, yani kama anaipunguzia mnazi mzigo. Najua utasema mtafiti hana mnazi. Bas.

Nimepeleka watoto wa skuli pale mara nyingi kwaiyo dada nikupe mawili matatu ya kuwaambia wanao, yule mdogo atatulia. Waambie watazame mikono ya kima punju, hana dole gumba, ana vidole vinne tu kama ndoano. Halafu wamtafute anaekula makaa. Wallahi si utani, wanakula makaa. Wanapenda majani ya mwembe na mkungu yanayopatikana vijijini, na hayo yana kemikali zinazosumbua tumbo, mkaa unazinyonya. Wanaokaa karibu na vijiji wanaokota mkaa kwenye matanuri na kwenye visiki vilivyoungua, mtoto anajifunza kwa mamake. Babu yangu alikua anasema jina punju limetokana na sumu, eti mbwa akimla ananyonyoka manyoya. Siku hizo hawakupendwa hata kidogo. Na duniani huyu hayupo pengine ila Zanzibar.

Paa nunga msiwaahidi watoto, wapo lakini ni waoga, ni bahati ya mtu. Chui ndo kabisa. Watauliza, mana kila mtoto kashasikia habari za chui wa kufugwa na wachawi, mtembezaji ana majibu yake na bibi yao Mpemba atakua na yake, wewe kaa pembeni usikilize.

Na msiwasogelee kima hata wakija miguuni, wamezoea watu lakini mafua yetu yanawapata. Chakula usitoe kabisa kwenye mkoba.


Yakhe wa Konde aliandika:

Yakhe nyie watu wa Unguja kila kitu Jozani Jozani. Mpemba anatolewa Pemba anapelekwa kuonyeshwa mikoko 😂😂 si sawa na kumpeleka mtu wa Makunduchi akaone mwaka kogwa Dubai? Mrudishe mama kwao mpeleke Ngezi, msitu uko kwetu hapa Konde, ukitoka msituni unatokea Vumawimbi, ufuo mrefu huoni mtu. Na popo wetu pale Kidike, wakubwa kama kuku, mwaka 1989 walikua wamebaki wachache wa kuhesabika mana tulikua tunawala, sasa jioni wakiruka mbingu inakua nyeusi. Hata hao kima punju tunao Ngezi, wachache waliletwa kutoka kwenu miaka ya sabini. Ila sijabisha kuhusu ubao, ubao wa kutembelea mkokoni hatuna, sisi tunatumia miguu.


bint_fuoni aliandika:

Yakhe nimemsomea mama, kasema "mwambie Ngezi nimeshapita nikienda harusini, hivyo viatu ndo sijapita navyo". Kwaiyo kesi imekwisha 😂

Mtoto wa Pete Mungu akupe kheri. Nilimuuliza mama kama ulivyosema, nikamwambia Jumaamosi maji yatakuaje, bila ya kunyanyua uso kwenye mchele anaochambua kasema "mwezi 16 hiyo, asubuhi maji Kenya huko". Nilinyamaza.

Suali la mwisho, kiingilio? Na lazima niwe na mtembezaji? Mana mama anasema yeye hataki mtu wa kumfundisha mkoko.


Mtoto wa Pete aliandika:

Mtembezaji lazima, anakuja na kiingilio. Bei ya wenyeji na ya wageni si moja, chukueni vitambulisho msije mkalipishwa ya wageni kwa kukosa karatasi. Na hiyo hela si yote inaenda serikalini, vijiji vinavyozunguka hifadhi vinapata fungu lake, kwetu visima na madarasa mengine yametokana na hapo, na wakulima ambao kima wanakula mashambani mwao wana fungu lao kupitia jumuiya. Mkulima hoi wa Muyuni pole, najua nyie hamfikiwi.

Mwache mama ajitie hajui chochote, mtembezaji aeleze mpaka amalize, halafu ndo aanze yeye. Nataka kusikia ilivyokua.


ngalawa moja aliandika:

Naongeza moja kwa wanaosoma huku wakipanga safari. Mukitoka hapo na kigari chenu msijifanye mnapitia Uzi jioni bila ya kuuliza maji. Ile njia niliyopita mimi kwenda kisiwani ilikua inapita ndani ya mikoko na maji yakijaa ilikua inafunikwa. Mimi nilisema nakwenda mara moja kumsalimia shangazi, kijana wa kijijini akaniambia ami maji yanakuja, nikamwona mtoto. Nililala Uzi. Shangazi alifurahi, mke wangu hakuamini mpaka leo.


bint_fuoni aliandika:

Nimerudi wana jamvi. Tulienda Jumaamosi kama alivyopanga Mtoto wa Pete, daladala asubuhi na teksi jioni kama alivyosema konda. Nitaeleza kwa urefu mnisamehe.

Msituni ilikua vizuri, kuna ubaridi na miti ya mtondoo mikubwa, chini kumeroa roa, mtembezaji akasema masika maji ya chini ya ardhi yanapanda mpaka unaingia magotini humo. Mama kilichomshughulisha ni mikindu, kasimama anaishika shika anasema ukindu wote huu na hakuna anaekata, nyie watu wa Unguja mikeka mnanunua. Kima punju tuliwaona kundi zima na vichanga, mwanangu mdogo alihesabu vidole vya kima mmoja mmoja kwa sauti mpaka watalii wakawa wanamtazama yeye. Makaa hatukuona wanakula, alikasirika sana.

Sasa mikokoni. Tumefika saa 8 na nusu. Mama amevaa raba za mwanangu mkubwa za skuli mana zake zilimbana. Mtembezaji kijana mpole sana akaanza, huu ni mkoko, mizizi yake inasimama kama miguu ya buibui, mbegu yake inaota ikiwa bado juu ya mti halafu inadondoka kama mkuki inajichoma kwenye tope. Huu ni mchu, vijiti hivi vilivyochomoza chini ni mizizi yake inavuta hewa. Mama kimya kabisa, anaitikia "ehee, ehee" kama mtoto wa chuoni. Akafika kwenye mkandaa akasema huu ni mkoko pia. Mama akakohoa.

Jamani. Kuanzia hapo mtembezaji aligeuka kuwa mwanafunzi. Mama kamwambia huu mkandaa, magome yake tulikua tunachemsha tunapata rangi nyekundu, tunatia nyavu na majahazi zamani yalikua yakitia tanga. Ule kule mbele uliokaa majini ni mlilana. Kamwambia achume jani la mchu alirambe, kijana karamba, chumvi tupu, mti unaitoa chumvi kwenye jani lake. Akasema anajua hilo lakini hakuwahi kuliramba. Watoto wangu nao wakaramba, na watalii wawili waliokua nyuma yetu wakaramba, hawakuelewa wanaramba kwa sababu gani lakini walimuona bibi kasema.

Halafu akatueleza boriti. Babu yake alikua anakata boriti za mkoko zinapakiwa majahazini zinakwenda Arabuni, na akasema nyumba zenu za Mji Mkongwe mnazojivunia vyumba vyake vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haina urefu zaidi ya hapo. Mimi nimezaa watoto wawili nimekaa Unguja miaka 12 na sikuwahi kulisikia hili kutoka kwake. Niliuliza kwa nini hujaniambia, kasema hujaniuliza habari za mkoko, unaniuliza habari za presha.

Na maji yakaingia. Kama ulivyoeleza Mtoto wa Pete, kimya kimya. Kwanza nilidhani macho yangu. Kaa wakaanza kupanda miti, mwanangu mdogo kalala kifudifudi kwenye ubao pua imetokeza nje, katulia karibu nusu saa, hajawahi kutulia hivyo tokea azaliwe. Kuna samaki wale wadogo wanaorukaruka juu ya tope na macho yametokeza, aliwapa majina. Mama akawa anatazama tondo chini, makubwa, mengi, yametambaa kila pahala. Akamuuliza mtembezaji kwa upole kabisa, "mwanangu, na haya mnayafanyaje?" Kijana kamwambia bibi hapa hairuhusiwi kuchukua kitu. Mama akasema "sijasema nachukua, nimeuliza". Kupita hatua tano akasema tena "lakini yameshiba haya". Tulicheka mpaka mbao zikatikisika.

Tope sikulisikia harufu safari hii, au nilikua nishaelezwa.

Magoti alhamdulillah, usiku nilimkanda na mafuta ya nazi, asubuhi kaamka mzima. Boti yake ni Jumapili ijayo. Mtoto wa Pete anakusalimu na kasema ukifika Micheweni uingie kwake usiulize nyumba, uliza bibi wa tondo.

Ila kaniachia suali sijapata wa kumjibu, hata mtembezaji hakulijua. Anataka kujua zile mbao tulizokanyaga ni za mti gani, mana alizigonga gonga kwa kisigino safari nzima na anasema mkoko si mkoko na mvule si mvule. Kama kuna fundi seremala humu anijibu kabla ya Jumapili, la sivyo ataniuliza mpaka kwenye ngazi ya boti.